Kiboko Apima Biashara ya Kuosha Magari

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wanaendesha magari na sisi binadamu tunakwenda kwa miguu, Kiboko alitaka kufungua biashara ya kuosha magari. Maji alikuwa nayo: bwawa lake mwenyewe, alimokaa na mkewe na watoto. Ila kiangazi kilikuwa kikali, na mkewe alishamwambia wazi kwamba maji yakiishia kwenye mchezo, yeye anarudi kwao na watoto wote.

Kiboko akachanganyikiwa. Afungue? Asifungue? Akaenda kwa Nguchiro, yule mdogo wa umbo na mwingi wa maneno.

Nguchiro akamweleza kwamba biashara haipimwi kwa kuwaza, inapimwa kwa kuosha. Siku moja tu, bure, kila gari litakalopita. Yeye atakaa nyuma ya kilima akiita wateja. Tembo akaombwa mkonga wake uwe mpira wa maji, akakubali upesi, maana hajawahi kuombwa kitu cha maana.

Asubuhi likaja gari, tope hadi kwenye vioo, dereva amevaa kofia. Tembo akavuta maji, fyuuu, akayamwaga, pwaa! Kiboko akasugua kwa tumbo. Likaondoka linang'aa. Punde likaja jingine, tope vilevile, dereva ana miwani. Kisha jingine, dereva mwanamke, ushungi hadi puani.

Kiboko akajikuna kichwa. "Samahani, dada, mimi na wewe tumeonana wapi?"

"Labda harusini."

Kiboko akaanza kuikumbuka hiyo harusi. Akakumbuka hata pilau yake, ingawa hakujua nani alioa.

Kutwa nzima magari hayakukatika. Tembo akamnong'oneza Kiboko: mbona yote yamebonyea mlango wa kushoto? Kiboko naye alikuwa ameliona hilo, akadhani ndiyo fasheni ya mwaka.

Jioni Tembo akavuta tena. Mkonga ukatoa mchanga, krrr. Mke wa Kiboko alikuwa amesimama katikati ya bwawa, maji yakimfika vidoleni, anakunja mkeka.

Kiboko akafuata mkondo wa maji machafu mbio, angalau ayarudishe nyumbani kidogo. Mkondo ukateremka, ukazunguka kilima, ukamfikisha kwenye bustani ya mchicha iliyoshiba maji, majani yanameremeta. Pembeni limeegeshwa gari lenye mlango uliobonyea. Na Nguchiro anachuma mchicha, ushungi bado kichwani.

"Wateja wote wale, Nguchiro..."

"Mimi, mjomba."

"Na harusi?"

"Hakukuwa na harusi."

Kiboko akakaa chini kwa uzito. Hilo lilimuuma kuliko yote. Akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa biashara yenyewe, inafaa au haifai?"

"Haifai hata kidogo. Kijiji kizima kina gari moja, nalo ni langu. Mjomba, mimi ningekushauri uyaache maji yako bwawani."

Kiboko akalipima hilo neno huku na huku. Akaona ni ushauri mzuri kabisa, hauna kosa popote. Akashukuru, akapewa fungu la mchicha, akapanda nao mlimani kumpelekea mkewe.

Akalikuta bwawa tupu, na nyayo za mama na watoto zimeelekea ukweni.

Basi, wanangu, ukitaka kujua kama biashara yako itafaa, usimwulize mwenye bustani chini ya mfereji wako.