Nishani Moja, Askari Watatu

Sogeeni karibu, walio nyuma wasije wakasikia nusu.

Katika vita vya Burma walikuwepo askari watatu wa kikosi kimoja, wote wa kwetu Afrika. Ombogo alikuwa na ulimi: alisema na marubani kwa redio kama mtu anayesema na jirani. Kamwendo, mtu wa Nyasa, alikuwa na bombomu yake, bunduki ya kumimina risasi, na moyo usiotikisika. Mwakalinga alikuwa na miguu. Mlimani hakuna aliyempata kwa mbio.

Asubuhi moja Wajapani waliwazingira bondeni. Maji yamekwisha, majeruhi wanaita mama zao. Ukungu ulipoinuka, adui alionekana akishuka kilima.

Ombogo akashika redio, risasi zikimpita masikioni, akaita ndege kubwa za mabomu mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe rubani akajibu: "Tandazeni vitambaa vyeupe mbele yenu. Kilicho mbele ya vitambaa tutakipiga."

Kamwendo alikuwa ametangulia juu mwambani, akiwazuia adui kwa bombomu. Bila yeye wangekwishaingia mahandakini kabla ndege hazijafika.

Mwakalinga akatoka mbio na vitambaa. Alipofika mahali alipoamriwa, akamwona Kamwendo mbele yake, mguu umevunjika, angali anapiga.

"Rudi, ndugu yangu. Ndege zinakuja."

"Nikinyamaza watashuka. Tandaza."

"Nitakubeba."

"Tandaza, Mwakalinga."

Ardhi ilikwishaanza kutetemeka kwa ngurumo. Kuvisogeza vitambaa mbele kungemkinga Kamwendo, na adui pamoja naye. Mwakalinga akatandaza. Akaweka mawe pembeni visipeperuke, kisha akalala kifudifudi. Kilima kikageuka vumbi. Lilipotulia, bombomu haikusikika tena.

Kikosi kikapona. Nishani ikaja moja tu, na meja akauliza apewe nani.

"Mimi niliita tu," alisema Ombogo, ingawa macho yake hayakuiacha nishani.

Wengine wakasema apewe marehemu, ipelekwe kwa mama yake Nyasa. Wengine wakasema mikono ya Mwakalinga ndiyo iliyowaokoa. Mmoja akanong'ona kwamba ndiyo iliyomuua mwenzao. Mwakalinga alisikia yote, akatazama chini.

Meja angali ameishika mkononi. Enyi mliokaa hapa, mngempa nani? Na kama ni Mwakalinga, mngemvika mkimtazama usoni?