Majina Kumi na Manane Mlangoni pa Kanisa

Kaeni, wapendwa, kaeni. Injili tumeisikia vizuri, sitairudia. Leo nataka niwasimulie habari ya mwenyekiti mmoja wa halmashauri ya walei. Si wa parokia hii. Nimesema si wa parokia hii, kwa hiyo ninyi wa benchi la tatu acheni kumgeukia mwenyekiti wetu, mwacheni baba wa watu asali. Huyu nimemtunga mwenyewe jana nikinyoa ndevu, na jina sikumpa. Tutamwita Mwenyekiti, basi.

Alikuwa mtu mwema, tuanzie hapo. Seremala, mtu wa watu, hakuna msiba ambao hakuonekana. Mwaka huo katekista wao alipata kiharusi, akapooza upande mmoja, ndugu zake wakaja kumchukua. Akaacha darasa la Kipaimara lenye watoto thelathini na mmoja, na kitabu hawajafika hata nusu. Askofu alikuwa anakuja baada ya miezi mitatu. Paroko akasimama mbele ya waamini, akasema wazi: "Asipopatikana mwalimu ndani ya wiki mbili, namwandikia Baba Askofu asije. Siwezi kumpelekea watoto wasiojua wanachopokea." Na Askofu wao alikuwa na parokia nyingi, akikupita mwaka huu, unamngojea miaka miwili.

Kati ya watoto hao alikuwamo binti wa Mwenyekiti, kitinda mimba wake, miaka kumi na minne. Mtoto alikuwa anaingojea siku ile kwa hamu mpaka unamwonea huruma. Msimamizi alishamchagua, jina la mtakatifu alishalichagua. Baba yake alijua kabisa kwamba darasa likifungwa, atakayelia nyumbani ni nani.

Basi ikabandikwa karatasi mlangoni pa kanisa, na kalamu ikafungwa kwa kamba ili isitembee, maana kalamu za kanisani mnazijua. Juu iliandikwa: WANAOTAKA KUJITOLEA KUFUNDISHA KIPAIMARA. Jumapili jioni Mwenyekiti akaibandua, akahesabu majina kumi na manane! Paroko nusura apige kengele. Walikuwa wanatafuta mmoja, wamepata kumi na wanane. Mngekuwa ninyi, msingefurahi?

Mwenyekiti alifurahi zaidi ya wote, kwa sababu manne kati ya majina yale aliyaandika yeye kwa mkono wake. La kwake? Hapana, la kwake halikuwamo. Yeye aliandika watu anaoona wanafaa. Wala hakuona vibaya, aliona anaisaidia parokia.

Jumatatu jioni akafunga karakana, akaanza kuzunguka. Akaanza na mwalimu wa sekondari.

"Nani kaniandika?" mwalimu akauliza.

"Jina lako lipo, Mwalimu."

"Lipo, ila huu si mwandiko wangu. Mwenyekiti, wiki nzima nafundisha, na Jumamosi nayo nifundishe? Nenda kwa yule nesi wa zahanati, yule ndiye mwenye moyo wa watoto."

Mwenyekiti akaikunja karatasi haraka, maana mwandiko ule ulikuwa wa kwake. Akaenda kwa nesi. "Jamani! Mimi na zamu hizi?" nesi akasema. "Mwone mzee wa kwaya, yule kastaafu, ana siku nzima." Akaenda kwa mzee wa kwaya. Mzee akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi ni mtu wa besi. Roho Mtakatifu mimi namwimba, simfundishi." Mnacheka. Chekeni tu, mimi jibu hilo nimelisikia kwa masikio yangu, na aliyenipa yupo humu ndani.

Ikawa hivyo kila jioni. Mmoja anampeleka kwa mwingine, na huyo mwingine anamrudisha kwa yule aliyekwisha mwona. Wote walisema neno moja: sikujiandika mimi, kuna mtu kaniandika. Akirudi nyumbani binti yake anamngoja mlangoni. "Baba, umepata?" "Bado, mama. Watu wapo, kesho." Kesho na kesho kutwa. Wiki ya pili, siku ya Jumatano, akarudi tena mikono mitupu. Mtoto akamtazama, akamwuliza, "Baba, nisiwe nauliza tena?" Usiku ule Mwenyekiti hakula.

Jumamosi, zikiwa zimebaki saa chache tu kabla Paroko hajaandika barua yake, likabaki jina moja, la kumi na nane. Mama Restuta. Mama Restuta alikuwa mjane anayeuza matembele sokoni, na parokia nzima ilijua kwamba hajui kusoma, hata herufi moja. Mwenyekiti jina lile alikuwa analiruka tangu siku ya kwanza. Sasa akakasirika: ni nani mwenye roho mbaya kiasi hiki, amwandike mama wa watu ili achekwe? Akaamua kwenda kumwomba radhi kwa niaba ya parokia.

Akamkuta uani, anachambua mboga za kesho.

"Karibu, Mwenyekiti. Nilijua utakuja. Ila nilidhani ungekuja wiki ile ya kwanza."

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Kuna mtu ameandika jina lako mlangoni kwa mzaha."

"Mzaha gani?" Mama Restuta akashangaa. "Nimejiandikisha mwenyewe. Nilimshika jirani yangu mkono nikamwambia, niandikie hapo. Nikamsimamia mpaka akamaliza."

Mmesikia, ndugu zangu? Majina kumi na manane. Waliojua kuandika wote waliandika majina ya wenzao. Aliyejitoa mwenyewe ni mmoja tu, na ndiye asiyejua kuandika!

Mwenyekiti akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Lakini Mama... kitabu cha mafundisho utakisomaje?"

"Sisomi. Kwani Paroko alisema anatafuta msomaji? Mimi nilisikia watoto wetu hawana mtu wa kukaa nao. Kukaa nao naweza. Sala nazijua zote. Na Roho Mtakatifu namjua, baba. Nimezika mume, nimezika watoto wawili. Unadhani nani alikuwa ananinyanyua kitandani asubuhi niende sokoni? Hayo nitawaambia. Ya kitabuni nikasema hayatatushinda, parokia imejaa wasomi." Akaacha kuchambua, akamtazama usoni. "Wewe unajua kusoma?"

"Najua, Mama."

"Na hizi jioni zote unazozunguka kutafuta mtu mwenye nafasi, umezipata wapi?"

Jamani. Mtu mzima, mwenyekiti, mwenye koti lake la Jumapili, masikio yakamwaka moto kwa aibu. Jioni kumi na mbili! Katika jioni kumi na mbili angekuwa ameshawafundisha wale watoto robo ya kitabu. Aliwahurumia, aliwahangaikia, viatu vimeisha soli kwa ajili yao, na siku hata moja haikumpitia akilini kwamba mtu anayemtafuta nyumba kwa nyumba anatembea naye. Aliona uvivu wa watu kumi na saba. Mvivu wa kumi na nane, yaani yeye mwenyewe, hakumwona, kwa sababu hakuwa ameandikwa.

Akarudi nyumbani. Binti yake alikuwa amekaa mlangoni, hakuuliza kitu. Ikabidi baba aanze.

"Nimepata."

"Nani, Baba?"

"Mama Restuta. Na mimi."

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa tuseme sisi.

Neno lenyewe ni *kujitolea*. Hebu tulitazame pamoja, Kiswahili ni chetu. Toa silabi moja tu pale katikati, ile *ji*. Inabaki nini? *Kutolea*. Na hicho ndicho tunachokiweza sisi: tunamtoa jirani. Sisi tunajua nani anafaa kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Tunajua nani angewapelekea wagonjwa faraja Jumapili mchana, nani ana sauti ya kusoma somo, nani angekaa na wakatekumeni watu wazima, wale wanaokuja wakiwa wamechoka na kazi. Tunawajua kwa majina na kwa nyumba. Kwenye jumuiya tunatajana vizuri kabisa. Ni mimi tu, kila mara, ambaye sijatajwa, na mwenye kuniacha ni mimi.

Utaniambia, "Padre, mimi sijui mafundisho." Haya. Hujui nini? Pengine wewe unajua kusoma, ila ukiulizwa Mungu amekutendea nini unaona haya. Na benchi la nyuma yako amekaa mtu ambaye hilo angelisimulia mpaka jioni, ila kitabu kinampiga chenga. Mmekaa hatua mbili, mnapeana amani kila Jumapili kwa mkono, halafu mnatoka mlango huu mmoja kwenda makwenu. Ninyi wawili mkikaa pamoja ni katekista mmoja kamili! Nani aliwaambia lazima mtu aje akiwa ametimia? Mimi mwenyewe sikutimia, na bado mnanivumilia hapa mbele.

Hapa kwetu tuna watoto arobaini na wawili wa Kipaimara, na mwalimu tunaye mmoja, na magoti yanamsumbua. Huyo sikumtunga, mnamjua. Baada ya misa nitasimama pale mlangoni kuwasalimia kama kawaida. Atakayenijia akaanza, "Padre, kuna mtu fulani angefaa sana," nitampa mkono, nitamtakia Jumapili njema, apite zake. Mimi namngojea atakayeanza na neno "mimi." Akishalisema hilo, mengine yote tutasaidiana.

Tusimame, tuungame imani yetu.