Sahani ya Maua Mekundu

Waumini wenzangu, kabla sijaanza mawaidha yangu ya baada ya Alasiri, hebu tazameni mlivyokaa. Watu wa upande ule wako kuliani kwangu, watu wa upande huu wako kushotoni kwangu, na hapo katikati pana nafasi ya kulaza ng'ombe. Mimi sikumwambia mtu akae wapi. Mmejipanga wenyewe, na kila mmoja anajua kwa nini amekaa alipokaa.

Basi yale niliyoyaandaa nayaweka pembeni. Leo nitawapa mfano wa sahani.

Kulikuwa na mwanamke mmoja katika kisiwa kimoja. Kisiwa gani? Msiniulize. Tumwite Mize, na kama yuko Mize hapo nyuma ya pazia kwa akina mama, anisamehe, si yeye. Mize alikaa katika njia nyembamba, mlango wake ukitazamana na mlango wa mwenziwe, Raya. Walikua pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na mmoja akiungua kidole, mwenziwe ndiye anayepiga kelele.

Katika njia ile palikuwa na ada. Ikifika Ramadhani, magharibi ikikaribia, sahani hutoka. Unaliona kawa limefunika, linavuka kutoka mlango huu kwenda ule, na chini yake mna tambi, au mkate wa kumimina, au boko boko. Na sahani ya mtu hairudi tupu. Umeletewa, umekula, unaiosha, unatia chako, unairudisha. Aliye nacho anatia kuku, asiye nacho anatia kipande cha muhogo, na hakuna anayecheka.

Sasa boko boko mnalijua nyinyi. Ngano inatwangwa, inapikwa na nyama mpaka hujui ipi ngano ipi nyama, kisha inasongwa kwa mwiko mpaka mkono uombe msamaha, halafu juu yake samli na vitunguu vya kukaanga. Mize alikuwa akilipika vizuri. Lakini aliyekuwa akisifiwa ni Raya. Harusi ikitokea, watu wanasema, "Mwiteni Raya." Mgeni akija kutoka mjini, anauliza kwa Raya ni wapi. Hilo Mize angeweza kulimeza. Lisilomezeka lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mize aliishi na mama wa mumewe, mavyaa yake, bi mkubwa asiye na meno tena. Akimpa boko boko alilolipika yeye, bi mkubwa anakula, anasema, "Ahsante, mwanangu." Basi. Ikija sahani ya Raya, bi mkubwa anakula mpaka chini, kisha anapitisha kidole kuzunguka sahani, anakilamba, anapitisha tena. Mize alikuwa anakitazama kile kidole kinavyozunguka, na moyo unamuwaka moto. Miaka ameshinda jikoni na moshi, amemfulia, amemkanda miguu, na kidole hakijazunguka sahani yake hata mara moja. Mimi simlaumu. Nani kati yetu hajapata kuumia kwa sifa ya mwenziwe?

Kisha ukaja uchaguzi.

Mize na mumewe walikuwa watu wa chama cha Taa. Raya na mumewe walikuwa watu wa Nanga. Jioni ya kuamkia matokeo, Raya alipata wageni, akapika, akamletea Mize boko boko katika sahani yake ya bati yenye maua mekundu. Asubuhi matokeo yakatangazwa, na njia ile ikapasuka katikati. Watu wa Taa wakaacha kwenda kwenye maziko ya watu wa Nanga. Watu wa Nanga wakaacha kununua samaki kwa watu wa Taa. Mume wa Mize alikuwa na duka la nafaka, na ndilo pekee lililokuwa likiuza ngano katika mji ule mdogo. Wenziwe wakamwambia asimuuzie mtu wa Nanga. Akatii.

Na siku Raya alipokuja dukani na kikapu chake, akarudishwa nacho kitupu, Mize alikuwa dirishani anaona. Mnadhani alisikitika? Alifurahi, ndugu zangu. Alisema peke yake, "Haya, tuone leo atasifiwa kwa kitu gani."

Lakini ile sahani ya maua ilikuwa bado iko kwake. Sasa aifanyeje? Airudishe tupu? Ada haikubali, ni aibu kwake na kwa ukoo wake. Airudishe ina kitu ndani? Wenziwe wa Taa waliokaa barazani watasema Mize amehama chama. Akaipindua kifudifudi, akaiweka juu ya kabati. Ramadhani ikaja ikaikuta palepale.

Ramadhani hiyo kawa halikuvuka njia. Na bi mkubwa akaanza kukonda. Kufunga alikuwa hafungi tena kwa uzee wake, lakini hata chakula cha mchana hakipiti. Kila magharibi Mize anamtilia boko boko, na kila magharibi maneno ni yaleyale.

"Ng'ambo ya njia hawajaleta?" anauliza bi mkubwa.

"Hawajaleta, mama. Kula hili."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshibaje, mama, na hujala?"

Anageukia ukutani. Mume wa Mize akaanza kumtazama mkewe kwa jicho la kuuliza: unampikia nini mama yangu mpaka anakwisha hivi? Mize akaona atazikwa na lawama. Na huku kila alasiri, kutoka nyumba ya pili, anasikia mchi wa Raya ukitwanga. Ti, ti, ti. "Kumbe ngano anayo!" Akina mama wa Taa wakampa jibu: "Hao wanaletewa magunia na chama chao, hujui wewe?" Mize akaliamini neno hilo bila ya kuuliza limetoka wapi. Msimcheke. Na nyinyi hapa mmeamini mangapi ya namna hiyo kuhusu wenzenu wa upande wa pili?

Siku moja, bi mkubwa hata maji hataki, Mize akapata hila. Alipika boko boko lake kama kawaida. Kisha akaishusha ile sahani ya maua mekundu kabatini, akaifuta vumbi, akapakua ndani yake, samli na vitunguu juu. Adhana ilipomalizika, akaingia nayo chumbani.

"Mama, ng'ambo wameleta."

Bi mkubwa akaiona ile sahani, akainuka mwenyewe, hakushikwa mkono. Akatia tonge la kwanza. Akafumba macho. Akatia la pili, na la tatu. "Eee!" akasema. "Hili ndilo. Huu ndio mkono wa Raya. Mize mwanangu, kaa hapa uonje, ujifunze."

Mize alisimama mlangoni hajui acheke au alie. Ngano ni yake, sufuria ni lake, jasho ni lake, na sifa zinavuka njia kwenda kwa mtu mwengine. Sasa alikuwa akikionea wivu chakula chake mwenyewe. Na kunyamaza aliweza! Mgonjwa anakula, mume atafurahi, kesho atampakulia tena katika sahani ileile, na mambo yamekwisha. Nyinyi mngenyamaza? Wivu haujui kunyamaza.

"Mama, hilo ni langu!" akapiga kelele. "Nimelipika mie, kwa mikono yangu hii! Raya hajaleta kitu!"

Bi mkubwa akaacha kula. Akaitazama sahani, akamtazama mkwewe. Akaisukuma pembeni kwa vidole viwili.

"Ndiyo maana," akasema, "nilikuwa naona kuna kitu kimepungua."

Ndugu zangu, kimepungua nini? Tonge alilofumbia macho na tonge alilolikataa yametoka sufuria moja. Chumvi ilikimbilia wapi? Samli iliingia wapi?

Mize alipandwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Akairudisha ile sahani jikoni, akaijaza mpaka juu, kawa hakulitafuta, akatoka. Wazee wa Taa wako barazani wanafuturu, wanamwona anavuka njia na sahani ya Nanga mkononi. Hakuwajali. Hodi aliipiga akiwa ameshaingia ndani.

"Raya! Onja hili! Onja mbele ya mumeo na wanao, uniambie lina kasoro gani mpaka mavyaa yangu analikataa!"

Raya alikuwa amekaa mkekani na mumewe na watoto, wanafuturu. Mize akatupa jicho kwenye sinia, alitafute lile boko boko linalosifiwa, alilinganishe na lake. Hakuliona. Palikuwa na bada, ugali wa muhogo mkavu, na bakuli la chukuchuku, maji na chumvi na dagaa wawili watatu wanaelea.

"Boko boko liko wapi?" akauliza.

"Boko boko gani?"

"Hilo unalolitwangia kila siku alasiri. Nakusikia, Raya. Usinifiche."

"Natwanga makopa ya muhogo, shoga," Raya akasema. "Tangu uchaguzi sijatia mkononi hata punje moja ya ngano. Ningelipika na nini, na duka ni lenu?"

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Mize angepata pa kujishika. Mtoto mdogo wa Raya alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye ile sahani, na mamaye akaurudisha mkono ule taratibu, akamwambia, "Bado hatujakaribishwa." Mize akaiweka sahani katikati ya mkeka. Ramadhani nzima amekesha na wivu, na aliyekuwa akimwonea wivu alikuwa akila muhogo mkavu.

"Kuleni," akasema.

Wakala. Raya akaonja, akatia tonge jengine. "Halina kasoro," akasema. "Halijapata kuwa na kasoro, Mize."

Sahani ikawa nyeupe. Raya akainuka, akaiosha. Na kwa kuwa ada ni ada, akatia ndani yake bada lililobaki, akalifunika kwa kawa, akavuka njia nalo yeye mwenyewe, mpaka kitandani kwa bi mkubwa. Akaketi akamlisha. Bi mkubwa akala bada la muhogo, chakula cha dhiki, mpaka chini. Kisha akapitisha kidole kuzunguka sahani. Mize alikuwa pale mlangoni, anakitazama kile kidole. Safari hii moyo haukumuwaka. Uliomuwaka ni uso.

Sasa nazungumza na sisi. Tunasema watu wa upande ule wanapendelewa, wanaletewa, wanapewa. Nani kati yetu amevuka njia akatazama kwenye sinia lao? Tunasikia mchi tu, tunajaza wenyewe kinu. Tumemnyima mwenzetu ngano, kisha tukamwonea wivu boko boko. Na kile chetu, alichotupa Mwenyezi Mungu kikiwa kitamu, hatukijui utamu wake, kwa kuwa muda wote macho yako kwenye sahani ya jirani. Yule bi mkubwa hakuwa na njaa ya ngano. Alikuwa na njaa ya mlango wa pili. Wazee wetu wangapi wanageukia ukutani saa hii, na sisi tunadhani ni maradhi?

Chagueni chama mnachokitaka. Mimi sina neno na hilo, na mimi pia nina changu, na hamtakijua. Lakini katika nyumba zenu, juu ya kabati, mna sahani za watu. Mnazijua ni za nani. Magharibi bado, muda mnao. Zishusheni, zifuteni vumbi, na msizirudishe tupu.

Ila kabla hamjaondoka, kuna jambo moja la kufanya hapahapa, na halihitaji samli wala ngano. Inukeni, nawaomba, mjaze hapo katikati.