Mfereji wa Aliyeusafisha Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sauti gani hiyo? Mnaitika kama mliokula kiporo cha juzi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Nawe unayesinzia, sogea huku, usije ukaniangukia motoni.

Hapo zamani za kale, watu walipokuwa bado wanasalimiana na mchwa, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Kwemvumo. Juu kabisa palikuwa na chemchemi isiyokauka. Chini kabisa palikuwa na kitongoji cha Bondeni, na Bondeni kulikuwa kukavu kama kigae. Maji yao yalikuwa ya kubeba kichwani: kwenda alfajiri, kurudi jua la utosi.

Msidhani watu wa Kwemvumo walikuwa wavivu. Thubutu! Walikuwa wachimbaji hasa. Kilichowaponza ni desturi yao moja. Mfereji ulipewa jina la mzee aliyepiga jembe la kwanza. Siku hiyo mbuzi alichinjwa, ngoma ikalia, mzee akabebwa juu juu. Na siku ya jembe la mwisho je? Hakuna mbuzi, hakuna ngoma, hakuna hata ahsante. Basi kila mzee alipenda kuanza, na hakuna aliyeona raha ya kumaliza.

Ndiyo maana kijiji kilikuwa na mifereji mitatu na hakuna hata mmoja uliofika Bondeni. Wa kwanza ulitoka kwenye chemchemi, ukagonga jabali, ukaishia hapo. Wa pili ulianzia kwenye kijito chini ya jabali, ukaishia kwenye korongo. Wa tatu ulianzia kwenye kijito ng'ambo ya korongo, ukateremka na kuishia karibu na Bondeni. Vijito hivyo viwili vilishakauka zamani, lakini majina ya wazee yalibaki, na kila ukoo uliwapeleka wajukuu wake kuutazama mfereji wake. Wa jirani wautazame ili iweje?

Sasa huko Bondeni aliishi Nakijwa, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Aliishi na mama mkwe wake, Bibi Namkunda, ambaye macho yake yalishaacha kuona na miguu ilishachoka kumbeba. Mwaka huo maharage yalikaukia shambani kwa mara ya tatu. Watu wa Bondeni wakakata shauri: mwezi ukiandama, tunahama. Wakaanza kufunga mizigo.

"Nendeni salama," akasema Bibi Namkunda. "Mimi siendi. Mwanangu amelala hapa, nami nitalala hapa."

"Mama, nitakuacha na nani?"

"Na mwanangu."

Nakijwa akageukia ukutani, akalia. Kumbeba hakuweza, kumwacha hakuweza.

Kesho yake akaenda kuchimba udongo wa vyungu kwenye kichuguu. Alipopiga jembe, mchwa mmoja akatoka mbio, kichwa juu.

"We mama! Hodi yako iko wapi? Umetubomolea ukuta!"

"Niwieni radhi, ndugu zangu. Nyumba kubwa hii! Nani aliianza?"

"Hatumjui."

"Nani ataimaliza?"

"Hatumjui."

"Sasa wewe unafanya nini?"

"Tonge langu la leo," akajibu mchwa, na tonge la udongo lilikuwa mdomoni kweli.

Nakijwa akachuchumaa akitazama. Mchwa wakaja kumi, wakaja mia, wakaja wasiohesabika. Hawakwenda kuanza kichuguu kingine. Walianzia pale pale palipovunjika, na kabla jua halijapanda, tundu lilikuwa limezibwa. Nakijwa akajipiga paja. "Lo! Na sisi wenye akili!"

Akajitwika chungu cha maji, akapanda hadi chemchemini. Akaanza kushuka kwa kuufuata mfereji wa kwanza. Akatembea, akatembea, akatembea, hadi kwenye jabali. Juu ya jabali ameketi pelele, anaota jua.

"We Nakijwa, umepotea!" pelele akacheka. "Mfereji huu si wa ukoo wenu. Wenu ni ule wa kule chini. Kila mtu na chake!"

"Na chako wewe, huo mkia, uko wapi?"

Pelele akajitosa pangoni mbio, maana mkia hana.

Nakijwa akamwaga maji kidogo pale jabalini. Yakazunguka jiwe, yakateremkia kwenye mfereji wa pili, hatua thelathini tu. Akaufuata hadi korongoni, akapima kwa macho: magogo mawili yaliyochongwa kama mizinga ya nyuki yangevusha maji hadi mfereji wa tatu. Akaufuata huo nao hadi mwisho wake, akamwaga maji yaliyobaki, yakamtangulia kuelekea Bondeni. Umbali uliobaki ni wa kurusha jiwe. Mapengo matatu, basi! Miaka yote ile Bondeni walikauka kwa mapengo matatu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitembea mifereji yote kwa siku moja.

Akakimbia hadi barazani kwa jumbe wa kijiji, Mzee Mbonea. Akakuta watu wamejaa na mbuzi amefungwa. Mzee Mbonea amevaa kanzu mpya, yuko tayari kupiga jembe la kwanza la mfereji wa nne.

"Shikamoo, mzee. Naomba usianze."

"Marahaba. Nisianze? Na watu wa Bondeni wanahama?"

Nakijwa akawaeleza yote: jabali, korongo, kipande cha mwisho. Watu wakatazamana. Mzee Mbonea akakuna ndevu.

"Sawa. Na huo mfereji wa kuungaunga utaitwa wa nani?"

Watu wakasogea karibu. Hapo ndipo palipokuwa na mfupa wa kukwama kooni, nanyi mnajua.

"Utaitwa wa yule aliyeusafisha mwisho," akasema Nakijwa. "Mwaka huu ukiusafisha wewe, ni wako. Mwakani akiusafisha mwingine, ni wake. Asiyeshika jembe, jina hapati."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Mbonea akafura. "Baba yangu ana mfereji wake mpaka leo! Ule wa pili!"

"Jina unalo, mzee wangu. Maji yake umewahi kuyanywa?"

 Mzee Mbonea akamtazama mbuzi, akaitazama kanzu yake, kisha akaivua.

"Mfungueni mbuzi huyo," akasema. "Ataliwa siku maji yakifika. Kesho ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba na jembe lake!"

Lakini Nakijwa hakuwaacha waondoke hivi hivi. Wakapatana kwanza, hata kabla ya kuchimba: hakuna kukata mti wowote chemchemini, na kila kitongoji kina siku yake ya maji. Ndipo wakachimba. Juu waliimba, "Tonge langu!" na chini wakaitika, "Tonge la leo!" Jabali likazungukwa. Magogo yakalazwa korongoni. Kipande cha mwisho kikachimbwa.

Siku ya mwezi kuandama ikafika. Mizigo ya Bondeni iko mlangoni. Maji ya chemchemi yakafunguliwa mferejini, watu wakasubiri. Kimya. Wakasubiri tena. Kimya. Mmoja akajitwika mzigo wake.

"Nyamazeni!" akasema Bibi Namkunda. "Nasikia. Nipelekeni."

Nakijwa akambeba mgongoni hadi ulipoishia mfereji wa tatu. Bibi akashuka, akapapasa, akaingiza mkono. Majani makavu yalikuwa yamesongamana hapo. Akavuta mara moja, akavuta mara mbili, akavuta mara ya tatu, na maji yakaruka hadi kifuani mwake! Vigelegele! Watu walirukaruka, wakarushiana maji, mizigo ikafunguliwa pale pale. Nakijwa alilia tena, safari hii kwa furaha, amemkumbatia mama mkwe wake, wote wawili wamelowa chapachapa.

Mzee Mbonea akaja mbio, jembe begani. "Nani ameusafisha mwisho?"

Wote wakamwonyesha kikongwe.

"Haki ya Mungu!" akasema, huku akicheka. "Haya, mwaka huu ni Mfereji wa Namkunda. Lakini mwakani, bibi, utanikuta nimeshafika!"

Na alifika kweli, kabla jogoo hajawika, akakuta watu wa koo mbili wamemtangulia na wanagombea takataka. Mpaka leo mfereji wa Kwemvumo haujui jani wala tope. Na Bondeni hakuna aliyehama.

Hapa ndipo hadithi yangu inapotua mzigo. Mimi nimeifikisha. Kesho ni zamu yako kuiondolea majani.