Bi Kobe, Kindi na Fisi wa Kanga Moja

Paukwa!
Pakawa!
Kanga moja?
Haijawa doti!
Basi sogeeni.

Hapo kale, mwilini mwa mtoto Riziki, kulikuwa na vijumba visivyohesabika, kuta zake laini za mafuta. Ukuta mmoja ulilindwa na Bi Kobe. Jina lake la shuleni Vitamini E, na aliingia humo pamoja na karanga. Daima alivaa doti: kanga moja kiunoni, moja mabegani.

Jirani waliishi fisi, chembe haribifu za mwilini, wenye kanga moja moja. Fisi wa kanga moja hatulii. Hupora ya mwenzake, na mwenzake akibaki na moja, naye hupora. Hata ukuta huporwa, ukabomoka, mtoto akaugua.

Asubuhi hiyo Fisi mdogo alikuja, ti! ti! ti! Bi Kobe hakugomba. Alivua kanga ya mabegani, akampa. Fisi akajifunga doti, akapiga mwayo, akalala.

Fisi Mkubwa akasikia. "Kobe hana tena cha kutoa! Ukuta wote wangu!" Ti! ti! ti!

Bi Kobe hakuondoka ukutani.

Mara, chwa! Kindi akateleza kutoka kwenye chungwa alilomegewa Riziki na dada yake. Huyo ndiye Vitamini C.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha!"

"Hujakwisha." Kindi akamgeukia Fisi. "Baba mkubwa, geuka! Shangazi anafunga kanga. Au kwenu wanaume huchungulia?"

Fisi akaona haya, akageuka. Fyuu! Kindi akavua kanga moja ya doti yake, akamrushia Bi Kobe.

"Tayari!"

Fisi akatazama. Doti kamili! Mate yakamdondoka. "Nipe hiyo ya mabegani kwanza, ukuta baadaye!"

"Chukua, ila usiivae," alisema Kindi. "Itakuharibia njaa."

"Unikataze wewe, kijimkia?" Fisi akaipora, akajifunga. Loo! Tamaa ikamtoka kama mvuke. "Hivi... nilifuata nini hapa?"

"Ulikuja kutusalimia," alisema Bi Kobe kwa upole.

"Basi hamjambo." Akalala, khooo!

Dada akamega kipande kingine. Chwa! chwa! Wakaja Kindi wengine, wakamvika Bi Kobe doti mpya, wakapiga vigelegele. Kindi wa kwanza, na kanga yake moja iliyobaki, hakumpora mtu. Alitoka na mkojo, akicheka.

Ukuta ukasimama. Riziki akachangamka, akadai uji.

Ngano imefika. Atakayebisha awamenyee wenzake machungwa!

Na funzo ni hili: ukiwa na kanga mbili, zing'ang'anie zote, usimpe mtu. Bahati nzuri, Bi Kobe hakuwahi kufundishwa hilo.