Bi Mbeyu na Shoka la Kiapo

Paukwa! Mbona kimya? Itikieni pakawa, au niende zangu nikalale. Haya. Zamani hizo, ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, kesi ziliamuliwa na shoka. Naam, shoka! Lilitiwa motoni likawa jekundu, kisha mshtakiwa akalishika. Mkweli haungui, mwongo huungua. Ndivyo walivyoamini.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mbeyu, aliyefiwa na binti yake wa pekee, Sidi. Kila alfajiri alikwenda kaburini akanyunyiza unga. Akanong'ona, akanyamaza, akasikiliza. Akanong'ona, akanyamaza, akasikiliza. Hakumdhuru mtu. Ila siku moja kisimani aliwaambia wenzake, "Mwanangu hunijibu."

Loo! Mdomo huponza kichwa. Mwaka ule watoto walikuwa wakikohoa usiku na mchana, na watu wenye hofu hawakosi wa kumlaumu. Wakaanza: "Sidi ni kisingizio tu! Yule mama anawaroga wanetu!" Jumbe Tsuma, mkuu wa kijiji, akamwita uwanjani.

"Mbeyu, wasema mwanao anakujibu?"

"Ndiyo, ananijibu, Jumbe."

"Basi nasi tusikie."

"Hasemi nanyi, baba. Husema nami."

"Hayo hayatoshi. Shoka litatuambia. Ukiungua unahama leo hii, na kaburi lile hulioni tena."

Moto ukavuviwa, fuu, fuu, fuu. Kuungua hakukumtisha Bi Mbeyu sana, wajukuu zangu; aliogopa kumwacha Sidi peke yake. Tena aliogopa jambo baya zaidi: je, kama ile sauti ni moyo wake mwenyewe? Hakujua. Wallahi, hakujua.

Shoka likatolewa, jekundu. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Jumbe, niulize neno moja?"

"Uliza upesi."

"Wewe wajuaje kuwa shoka hujua ukweli?"

"Babu zetu walisema."

"Walikuonyesha?"

"Niliamini!"

"Basi lishike wewe kwanza. Sema, 'Shoka hujua ukweli.' Kama ni kweli, hutaungua. Nami nitalishika baada yako."

Jumbe akalitazama shoka, akaitazama mikono yake. Shoka likapoa taratibu, likawa jeusi, na yeye amesimama pale pale.

"Rudini makwenu," akasema kwa sauti ndogo.

Kesho yake alfajiri Bi Mbeyu alikwenda na unga wake. Akamkuta Jumbe kaburini kwa mamake, kando kidogo, anao unga kiganjani na hajui aanzeje. Bi Mbeyu hakumcheka. Alimwonyesha.

Sasa wewe wa nyuma unauliza, eti, Sidi alijibu kweli? Ehe! Nawe unataka nikutilie shoka motoni?

Ukitaka kumdai mwenzako ushahidi wa moyo wake, tanguliza wako. Kisa changu kimefika mlangoni: kitamu chake kaleni, kichungu niachieni mimi nisiye na meno.