Nyumba Isiyopigwa Msumari

Wahenga walipotaka kumkanya mtu wa kesho-kesho hawakumhubiria sana. Walimwonyesha ukuta wake mwenyewe. Kisa hiki kilitokea Garissa enzi za vita vya mashifta. Anayedhani ni mambo ya kale yasiyomhusu, na akisikilize mpaka mwisho, kisha ainue macho atazame paa lake.

Karibu na soko palikuwa na safu ya nyumba za serikali, nyumba nne zilizoshikana ubavu kwa ubavu, kuta zake za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa. Ndani ya nyumba hizo hakukuwa na msumari hata mmoja ukutani. Makoti yalitundikwa migongoni mwa viti, kalenda zililazwa mezani, na vioo vya kunyolea viliegemezwa madirishani. Si kwamba misumari ilikosekana madukani. Makarani waliotoka bara walikuwa na mwiko wao: atakayepigilia msumari ameiambia Garissa kwamba amekuja kukaa, na uhamisho wake hautakuja kamwe. Walikuwa watu waliosoma, tena wengine wazee wa kanisa, lakini woga ukiingia mlangoni elimu hutokea dirishani.

Elkanah, karani wa mifugo, aliushika mwiko huo kuliko wote. Alikuwa amehamia hapo na mkewe Loise na binti yao Mirriam, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Sanduku lake la bati lilikaa kando ya mlango likiwa limefungwa kamba, tayari kwa safari. Kila lori la jeshi liliporudi mjini limefunikwa turubai, alidhani limebeba maiti. Alimwomba Mungu jambo moja tu, awatoe mkewe na mwanawe mahali pale wakiwa wazima. Tusimcheke kwa hilo, maana nani asiyewaombea wake?

Nyumba ya upande wa kushoto ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Humo aliishi mwalimu Ndirangu, ambaye lori lililomchukua kwenda kwao lilikanyaga bomu la kutegwa njiani. Gichuki, karani wa nyumba ya tatu, ndiye aliyekuwa bingwa wa kusimulia habari zake.

"Ndirangu alipiga msumari, ndugu yangu," alimwambia Elkanah siku ya kwanza tu. "Alitaka kutundika koti lake la Jumapili. Uhamisho ukachelewa mara ya kwanza, ukachelewa mara ya pili. Ulipokuja, yalimpata yaliyompata. Wewe mwenyewe pima."

Elkanah alipima, akaogopa.

Kisha sauti ikaanza. Ilikuja mchana wakati jua limesimama utosini, mji mzima umelala, mbuzi wamejibanza kwenye vivuli vya kuta na barabarani hapana hata kuku. Ndani ya nyumba iliyofungwa kufuli kulisikika mtu akipiga msumari. Ko. Ko. Kimya. Ko. Elkanah alikwenda kulitazama kufuli, akalikuta limejaa vumbi, halijaguswa na mkono wa mtu. Aliporudi ndani, Loise alimwonyesha ukuta uliowatenganisha na nyumba ile. Chini ya boriti palikuwa na ufa mwembamba kama uzi.

"Jana haukuwapo," Loise alisema.

"Labda hukuuona," Elkanah alijibu, ingawa hata yeye hakuyaamini maneno yake.

Kila upepo wa mchana ulipovuma sauti ilirudi, na ufa ukateremka. Baada ya wiki chache kidole kiliweza kuingia. Ukiweka sikio pale ulisikia pumzi, ndefu na nzito, kama ya mtu aliyelala akiwa na homa. Loise alikatazwa kuusogelea ufa, lakini hakusikia. Alikuwa binti wa mwashi, aliyezaliwa kwenye vumbi la matofali, na ukuta ukiugua alijua.

"Baba Mirriam, hilo ni bati limelegea upande wa pili," alimwambia mumewe. "Upepo unaliinua pamoja na boriti, na boriti inaugonga ukuta. Tuombe ufunguo tukapige misumari huko juu. Ufa nitauziba mwenyewe. Naukwangua kwa kisu, naulowesha maji, nausindilia mchanga na saruji. Kazi ya asubuhi moja."

"Nyumba ni ya serikali, serikali itaziba."

"Serikali hailali humu ndani. Analala mtoto wako."

"Mwezi ujao tutakuwa tumehama, Mama Mirriam. Ukuta wa Garissa ni wa Garissa."

Wimbo ukawa huo: mwezi ujao, mwezi ujao. Loise alichoka kuimbiwa. Siku moja alinunua misumari ya bati sokoni, akaazima nyundo, akapanda juu ya meza ili walau aikaze boriti kwa upande wao. Elkanah aliingia akamkuta ameinua mkono. Alimpokonya nyundo, akaikusanya misumari yote na kuifungia ndani ya lile sanduku la safari.

"Unataka kutuua?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya kilio. "Unataka yatupate ya Ndirangu?"

Loise alishuka mezani. Alikuwa na hasira, lakini alimwonea huruma pia.

Mwuza maziwa wao, Kaltun, Msomali aliyetoka Galbet kila asubuhi na vibuyu vyake, hakupenda kukaa sana kizingitini pale. Asubuhi iliyofuata alichungulia ndani, akauona ufa, akasonya.

"Mama Mirriam, hii nyumba nalia. Mimi nasikia tangu huko barabara. Kwa nini bwana yako hafungi?"

"Anasema tunahama."

Kaltun alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Nyinyi watu ya Kenya! Sisi ndio nahama. Nyumba yangu nabeba juu ya ngamia. Lakini kamba ikilegea, nafunga leo leo. Kesho nahama, sawa, na leo nalala wabi?" Kisha alishusha sauti. "Na huko ndani iko kitu. Choma ubani, dada. Mimi siingii huko, wallahi, hata ukinipa ngamia."

Mvua za Aprili zikaja. Maji yalipenya chini ya lile bati, yakaingia kwenye ufa na kuuramba udongo. Chokaa ilivimba ikadondoka vipande vipande. Loise aliuhamisha mkeka wa Mirriam, uliokuwa chini ya ukuta huo kwa sababu jua halikuufikia, akautandika upande wa dirisha. Mvua zilipopisha, joto lilirudi kwa kishindo. Mtoto alitokwa na vipele vya joto mwili mzima, akalia hadi sauti ikamkauka. Elkanah hakuweza kuvumilia kilio kile. Mkewe alipokuwa jikoni nyuma ya nyumba, aliuvuta mkeka kwa mikono yake mwenyewe akaurudisha penye ubaridi, chini ya ufa. Mirriam akalala. Baba yake akaketi kitini akimpepea kwa gazeti, akajiona amefanya la maana.

Siku hiyo hapakuwa na upepo. Hapakuwa na hata wa kutikisa jani. Bendera ya ofisini ilining'inia kama kitambaa kilichofuliwa. Basi Elkanah aliposikia ko, aliacha kupepea. Sauti haikutoka juu kwenye boriti. Ilitoka katikati ya ukuta, usawa wa kifua cha mtu, na haikuwa ya polepole kama siku zote. Ko, ko, ko! Ko, ko, ko! Ilikuwa ya haraka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua.

Ukweli usemwe: Elkanah alifumba macho akaanza kuomba. Ni Loise aliyetoka jikoni mbio, akampita mumewe kitini, akainama na kumnyakua mtoto. Aligeuka kukimbia. Hatua moja zaidi na angepona, lakini ukuta haukumpa hatua hiyo. Uliinama kwanza kidogo, kisha ukaja wote.

Askari walikuja mbio wakidhani ni bomu. Walimkuta Elkanah akichimbua matofali kwa kucha, na Kaltun, yule aliyeapa kutoingia, akiwa amepiga magoti kwenye kifusi na kumshika Loise mkono. Mirriam alikuwa mzima kifuani pa mama yake, amejaa vumbi, macho yamemtoka. Mguu wa kulia wa Loise ulikuwa umesagika.

Loise alipokwisha kupelekwa hospitali, Elkanah alisimama penye pengo akatazama ndani ya nyumba ya Ndirangu kwa mara ya kwanza. Gichuki alisimama kando yake. Juu, bati moja lilikuwa limelegea, na boriti imechimba kishimo mahali ilipougonga ukuta miezi yote ile, kama alivyosema Loise. Chini, penye pembe ya chumba, palikuwa na mfuko wa saruji ambao haukuwahi kufunguliwa. Elkanah aliugusa. Ulikuwa umegeuka jiwe. Ndirangu aliuona ufa kwa upande wake, akanunua saruji, naye akangoja uhamisho.

Elkanah aliipapasa chokaa ya kuta zote tatu zilizobaki, polepole, kwa kiganja, akapekua na kifusi cha ule ulioanguka. Hakukuta msumari. Hakukuta hata tundu la msumari.

"Gichuki, ule msumari wa koti uko wapi?"

Gichuki alianza kuondoka. "Mimi nilisikia tu watu wakisema."

Kabla wiki haijaisha uhamisho wa Elkanah ulifika. Daktari alikataa Loise asafirishwe kwa lori, na Elkanah hakuweza kumwacha. Nafasi yake akapewa Gichuki, akaondoka salama salimini. Aliyekuwa amekwepa msumari kama nyoka ndiye ambaye uhamisho ulimpita mlangoni.

Akaanza kazi. Alifinyanga matofali kwa udongo wa mtoni, akayaanika, akaupandisha ukuta mstari kwa mstari, mikono ya ukarani ikitoka malengelenge. Loise, aliyerudishwa nyumbani, alimwelekeza akiwa ameketi kwenye kiti mlangoni, mkongojo mapajani. Kazi ambayo ingekuwa ya asubuhi moja ilimla Elkanah mwezi mzima. Ulipofika wakati wa kulikaza bati, alifungua sanduku la safari, akapekua nguo, akaitoa ile misumari.

Nyundo ilipolia juu ya paa, ko, ko, ko, Loise alishtuka akamkumbatia mtoto. Elkanah alisita.

"Nisamehe, mke wangu," alisema kutoka juu. "Ulinionyesha. Nilikuwa naogopa."

Loise alitega sikio kwenye nyumba ya Ndirangu. Upepo ulikuwa ukivuma, na huko ndani palikuwa kimya.

"Piga tu, Baba Mirriam," alimjibu. "Aliyekuwa akitubishia hodi amepumzika."

Ukuta ule ulisimama imara, na ndani yake Elkanah alipigilia msumari mmoja mrefu. Hakuutundikia koti. Aliutundikia mkongojo wa Loise, na kila asubuhi, kwa miaka yote waliyoishi Garissa, aliutwaa hapo akampelekea mkewe kitandani. Ukuta uliweza kujengwa upya, mguu haukuweza. Naam, usipoziba ufa, utajenga ukuta.